Kamba ya Toleo la Mwisho

Kama hujawahi kusoma Saa ya Kuachiwa, nakuonea wivu, kwa sababu bado una nafasi ya kuisoma kwa mara ya kwanza. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Kilicho changu humo ni wino tu. Akili, mji, watu na kila mstari wa penseli ni vya wifi yangu, na huwa nawaambia watu hivyo hata wasiponiuliza.

Katika mji wa katuni hiyo, kila siku alasiri king'ora hulia, kisha ardhi inaachia. Kwa muda wa saa moja, kitu chochote ambacho hakikufungwa kinapaa: sufuria, kuku, kandambili, mzee aliyesahau kujifunga kwenye kiti. Saa ikiisha vitu vyote vinarudi chini, na sheria ya mji inasema kilichoangukia uwanjani kwako ni chako, kwa hiyo mahakama zao zimejaa kesi za mbuzi. Matajiri wamejenga kumbi chini ya ardhi, na saa hiyo wanakunywa soda huku wamegusa dari kwa migongo. Wengine wana kamba. Na kwa kuwa kamba huchakaa, yuko mwanamke anayezunguka nyumba hadi nyumba kuzikagua, kuvuta mafundo na kugombeza watu. Huyo Mkaguzi wa Kamba ndiye shujaa wetu. Kwa nini ardhi inaachia? Wifi hajawahi kueleza. Msomaji mmoja alitutumia maelezo marefu yenye hesabu za sayari. Wifi akayasoma yote kwa heshima, akasema, "Huyu anajua kuliko mimi," akaendelea kuchora kuku.

Mume wa Mkaguzi alipaa katika toleo la kwanza. Alikuwa juu ya paa akigongelea bati, fundo lake likalegea, akaenda zake juu ameshika nyundo. Saa ilipoisha vitu vyote vilianguka, nyundo nayo ikaanguka, yeye hakuanguka. Tangu hapo kila toleo huishia kwenye kisanduku kilekile (ndivyo tunavyoziita zile picha za mraba za ukurasa): kamba ndefu imefungwa kwenye ndoano ya paa, ncha yake haina mtu, na alasiri ikifika inasimama yenyewe angani. Mkaguzi anaiweka pale ili mumewe akipita aidake. Wasomaji wamempa huyo mume jina la Bwana Hewa, na wapo wanaobishana kama alifika mwezini.

Bwana Hewa ni kaka yangu. Yeye hakupaa. Alianguka kwenye korido ya kazini kwake, moyo, asubuhi aliyotoka nyumbani akipiga mluzi. Mjane wake alikaa kimya karibu mwaka mzima, kisha akachora mji ambao kila kitu huanguka isipokuwa mumewe.

Kabla ya msiba hatukupatana. Mimi nilimwona anaringa, yeye aliniona nina mdomo, na sote wawili tulikuwa sahihi. Siku alipokuja dukani kwangu na kurasa za kwanza kati ya kadibodi mbili, nilidhani ameniletea michoro ya viwanja, maana kazi yake ya mchana ni kuchora ramani katika ofisi ya upimaji. Kazi yangu mimi ni maandishi ya vibao: Hapa Tunashona, Mbwa Mkali, Usitupe Taka. Akaniambia hahitaji maoni yangu, anahitaji mkono wangu usiotetemeka. Nikasoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye nyundo inayoanguka peke yake, nikakaa juu ya kopo la rangi, na kopo lilikuwa halina mfuniko.

Mgawanyo wetu wa kazi haukubadilika tangu siku hiyo. Yeye anatunga na kuchora kwa penseli. Mimi napita juu ya penseli kwa wino, kalamu ya kuchovya kwa nyuso, brashi kwa vivuli, kisha ukurasa unasafishwa kwa raba na kupelekwa kwa mchapishaji. Hatuna kampuni. Nakala tunazikunja na kuzipiga pini wenyewe mezani, na wauza magazeti wanatuwekea pembeni ya magazeti ya michezo. Sheria kati yetu ni moja: napaka kilichopo. Siongezi, sipunguzi. Katika toleo la tatu nilimwongezea mtoto mmoja kifungo cha shati, kwa huruma tu, na wifi akaninunia wiki nzima. Alisema mtoto yule hana kifungo kwa sababu kilishapaa, na kama ningekuwa nautazama ukurasa kwa makini ningekiona kinapita nje ya dirisha la shule. Nikarudi kuangalia. Kweli kilikuwa kinapita.

Ndivyo alivyo. Kuna ukurasa mmoja wa mtaa mzima saa ya kuachiwa, nguo zimechomoka kwenye kamba za kuanikia na zinaelea juu ya mabati. Ukizifuatilia moja moja utajua kila nguo imetoka nyumba gani, maana umeshaingia humo katika matoleo ya nyuma: sare ya mlinzi, aproni ya mama muuza duka, soksi za yule mpangaji asiyelipa. Hakuna neno hata moja kwenye ukurasa huo. Mwalimu mmoja alituambia aliubandika darasani, na watoto wakaongea kipindi kizima bila yeye kufungua mdomo. Nilipoupaka wino nilikuwa namsifu kimoyomoyo kwa kila nguo niliyomaliza. Usoni sikumsifu, kwa sababu ukimsifu usoni anakuuliza unataka nini.

Kisha akaja fundi wa lifti. Alianza kama msomaji, mmoja wa wale wanaosimama mbele ya meza yetu kwenye maonyesho ya vitabu wakijifanya wanachagua ilhali wameshanunua. Sikumpenda, na sababu yangu ilikuwa kwamba sikumpata na kasoro. Mpole, msafi, anajua kusikiliza, na riziki yake ni kuhakikisha watu wanaopanda juu wanashuka salama. Nilimwambia wifi kwamba mtu yule ameibuni kazi yake ili amvutie yeye. Wifi akacheka mpaka akaweka penseli chini. Hapo nikajua mambo yameiva, maana penseli ya mwanamke yule haiwekwi chini kwa ajili ya mtu.

Aliponiambia wanaoana, na kwamba watahamia mji ambako fundi amepata kazi ya kudumu, nilimpongeza kwa maneno yote yanayotakiwa. Nikarudi nyumbani, nikasimama jikoni nikiosha vyombo vilivyokuwa safi. Shangazi yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akaniambia, "Basi ndiyo hivyo. Kuanzia hapo si wifi yako tena. Ni wifi wa dada zake fundi." Nikamwambia anyamaze, lakini lilikuwa limeshaingia. Kaka nilishampoteza. Sikuwahi kufikiri kwamba naweza kumpoteza na mkewe, tena mchana kweupe, kwa keki na picha za pamoja, na mimi nikiwa mmoja wa wapiga makofi.

Wifi akasema kabla ya kuhama ataimaliza Saa ya Kuachiwa, toleo moja la mwisho. Sikuhitaji kuuliza swali la toleo hilo ni lipi. Mkaguzi ataifungua kamba ya Bwana Hewa, au ataiacha? Wasomaji walikuwa wanalisubiri jibu kwa hamu, na mimi nilikuwa naliogopa. Akiifungua, kaka yangu atakuwa hana tena wa kumngoja hata kwenye karatasi. Akiiacha, itakuwa uongo, na wifi yangu hajawahi kuchora uongo. Nilijikuta nataka achore uongo. Nilitaka hivyo kwa nguvu zangu zote.

Kurasa zililetwa Ijumaa jioni kati ya kadibodi mbili kama kawaida. Asubuhi yake sikufungua duka. Niliosha kalamu, nikasogeza meza dirishani, nikaanza mwanzo, maana na mimi nina adabu zangu, sirukii mwisho. Mkaguzi anapata barua ya kuhamishwa mji mwingine. Anazunguka mtaa mzima kuaga, na kuaga kwake ni kuvuta mafundo ya watu kwa mara ya mwisho na kuwagombeza. Kuna bibi mmoja anayekataa kukaguliwa, anasema kamba ikikaguliwa Mkaguzi ataondoka, basi bora isikaguliwe. Wifi alimchora bibi huyo amekumbatia kamba yake kifuani na kugeuzia watu kisogo. Nilipopaka kile kisogo ilibidi niweke kalamu pembeni. Sijui mtu anawezaje kuchora ukaidi na mapenzi kwenye kisogo kimoja.

Halafu ukurasa wa mwisho, kisanduku kimoja kikubwa kinachojaza karatasi yote. Mkaguzi amepiga goti moja juu ya paa, begi mgongoni, mguu wa pili umeelekea kwenye ngazi, kando ya ile ndoano ya kamba. Mikono yake iko mbele yake, vidole vimekunjwa. Sehemu kubwa ya ukurasa ni anga tupu. Nikachovya kalamu, nikainama, na hapo ndipo nilipoona kwamba mikononi mwake hamna kitu. Hapakuwa na kamba. Haikuwa kwenye ndoano, wala angani, wala popote.

Jasho likanitoka. Nieleze kwa nini. Wifi huwa anakandamiza penseli, na wino haushiki vizuri juu ya penseli iliyokolea, kwa hiyo kabla ya kupaka huwa napitisha raba kidogo ukurasa mzima ili kuipunguza makali. Nilikuwa nimeshaipitisha asubuhi ile, bila hata kutazama kilichochorwa, huku nikiwaza mambo yangu na ya shangazi. Nikaona wazi kilichotokea: nimeifuta kamba ya kaka yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na sikujua hata ilikuwa imechorwaje. Nikapekua vumbi la raba mezani kama mwendawazimu, utadhani mstari hudondoka mzima mzima ukaweza kuurudisha.

Nilipotulia nikakumbuka kazi yangu. Penseli ya mtu anayekandamiza huacha bonde kwenye karatasi, na bonde halifutiki kwa raba. Nikaunyanyua ukurasa, nikauinamisha dirishani mpaka mwanga ukaulamba kwa upande. Mabonde yote yakajitokeza: begi, goti, ndoano, mikunjo ya vidole, hata mistari ya kupimia paa ambayo aliifuta mwenyewe. Kwenye mikono palikuwa laini. Kwenye anga palikuwa laini kabisa. Kamba haikuwahi kuchorwa.

Sasa mwanamke anayekumbuka kifungo cha mtoto hasahau kamba ambayo katuni nzima imening'inia juu yake. Nikaitazama tena ile mikono, safari hii kwa macho makavu, nikaona alichokifanya. Vidole vile vinaweza kuwa vinafunga fundo. Vinaweza pia kuwa vinalifungua. Alikuwa amezichora kazi zote mbili kwa pamoja, na hakuna kidole kinachomsaliti mwenzake. Jaribu siku moja kuchora mikono ya namna hiyo. Nilimstaajabia, na papo hapo nikapandwa na hasira, nikaubeba ukurasa nikaenda kwake.

Nyumba ilikuwa imejaa maboksi, na ukutani palikuwa na alama nyeupe mahali picha zilipokuwa zimetundikwa. Fundi wa lifti alikuwa juu ya stuli akifungua bomba la pazia. Aliponiona uso, akashuka taratibu, akasema anakwenda kuangalia birika jikoni. Hakukuwa na birika lolote jikoni. Lilikuwa ndani ya boksi miguuni pangu. Nikamwongezea alama moja kwa hilo, ingawa sikutaka.

"Umesahau kamba," nikamwambia wifi.

"Sijasahau."

"Basi ichore. Mimi napaka kilichopo. Sheria ni yako, si yangu."

Wifi akakaa juu ya boksi la vitabu. Alikuwa na kamba ya plastiki ya kufungia mizigo mapajani, akawa anaikunja na kuikunjua. "Nimejaribu, wifi. Nimekaa na huo ukurasa tangu siku nilipokwambia naolewa. Nikiichora imefungwa, naona najidanganya. Nikiichora imefunguliwa, mkono unakataa. Mwisho nikajiuliza kwa nini unakataa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ile kamba si yangu peke yangu. Mimi nilikuwa mke wake. Mke anaweza kuolewa tena, na hakuna ubaya, na wewe mwenyewe ulinipongeza vizuri sana, ingawa ulikuwa unasema kama mtu anayesoma kibao."

Ilikuwa kweli.

"Lakini dada hana pa kuhamia," akasema. "Wewe utabaki dada yake mpaka siku ya mwisho. Nikiifungua mimi, nitakuwa nimekufungulia na wewe bila kukuuliza. Nikiiacha imefungwa, nitakuwa nimekuachia mzigo nikaondoka zangu. Miaka yote hii umepita juu ya mistari yangu bila kuongeza kitu."

"Niliongeza kifungo."

"Uliongeza kifungo, na nilikununia. Sasa nakuomba uongeze."

"Mimi sichori. Unajua sichori. Naandika Mbwa Mkali."

"Najua," akasema. "Hata ukichora vibaya nitaupeleka kwa mchapishaji hivyo hivyo."

Nilimwambia ana roho mbaya. Nilimwambia amenitupia kitu ambacho mtu hapaswi kutupiwa, kisha anafunga mizigo. Yeye hakujitetea. Alinitazama tu, macho yamejaa, mpaka nikaona aibu kwa kelele zangu, nikachukua ukurasa nikatoka. Mlangoni nilisikia fundi akimwuliza kwa sauti ya chini kama arudi, na wifi akimjibu asubiri kidogo.

Dukani nilichukua karatasi za majaribio na penseli, nikaanza kwa kuifunga kamba. Nilitaka ifungwe. Nikaichora imekaza kwenye ndoano na kupanda angani mpaka ukingo wa ukurasa, nikaitazama. Mkaguzi alikuwa na begi mgongoni na mguu mmoja umeshaelekea kwenye ngazi. Mtu anayeondoka akaifunga kamba ambayo hatarudi kuikagua, yeye ambaye maisha yake yote amegombeza watu kwa kosa hilohilo. Angejicheka mwenyewe. Nikaikunja karatasi ile nikaitupa.

Nikaichora imefunguliwa, imeviringishwa vizuri begani mwake. Hiyo ilikuwa nzuri kidogo, lakini paa lilibaki tupu, na nilipolitazama lile paa tupu kilio kikanipata. Nililia kwa kwikwi, kichwa juu ya meza, katikati ya vibao vya watu. Nililia kwa ajili ya kaka, ambaye sikuwa nimemlilia ipasavyo kwa sababu siku zile nilikuwa nasimamia viti na maji ya kunywa. Nililia pia kwa ajili ya wifi, anayeondoka akiwa mzima wa afya. Nilipomaliza, nikanawa uso, nikarudi mezani.

Nikaiangalia mikono ya Mkaguzi kwa mara nyingine. Inaweza kufunga, inaweza kufungua. Nikawaza kuna kitu gani kingine mtu anaweza kufanya na kamba aliyoishika kwa mikono yote miwili. Kisha nikauchukua ukurasa wenyewe, si karatasi ya majaribio, nikauweka mkono wangu wa kushoto mezani mbele yangu, kiganja juu, nikaanza kuuchora.

Niliuchora ukitokea pembeni mwa kisanduku, pale ngazi inapofikia paa. Mkono mnene, vidole vifupi, na kwenye kidole cha shahada doa la wino ambalo halijawahi kunitoka. Mwenye mkono haonekani, yuko bado kwenye ngazi. Halafu nikachora kamba. Ikashuka kutoka kwenye anga ile tupu, ikapita katikati ya vidole vya Mkaguzi, na ncha yake ya chini ikaingia kwenye kile kiganja. Mkaguzi hafungi wala hafungui. Anamkabidhi mtu. Nikaikazia kamba wino mwingi, kwa brashi, ili hata msomaji mwenye macho mabovu aione. Safari hii hapakuwa na penseli ya kufuatisha mahali popote pale.

Jumatatu asubuhi wifi alipitia dukani akielekea ofisini kuwaaga wenzake. Nikamwekea ukurasa mezani nikaenda kujifanya naosha brashi. Nilimwona kwa pembe ya jicho akiuinamia, akiuinua, akiuweka chini tena.

"Huu mkono mbaya sana," akasema.

"Ndio wangu."

"Kidole gumba kimetokea wapi?"

"Kimetokea kwa baba yetu. Kaka naye alikuwa nacho."

Akaweka ncha ya kidole juu ya kile kidole gumba kibaya. "Utaiweza peke yako?" akauliza. Hakuwa anauliza kuhusu katuni, na sikujifanya sielewi.

"Nitaiweza. Wewe nenda. Ikinichosha nitakuita."

Wifi akafungua mkoba, akatoa penseli yake, akavuta stuli. Ukurasa ule ulipangwa usiwe na neno. Akachora kiputo kidogo cha maneno karibu na mdomo wa Mkaguzi, akaandika ndani yake kwa herufi zake nyembamba za ramani, kisha akanigeuzia ukurasa nipake. Nilichovya kalamu. Mkono wangu, ambao alinifuata kwa sababu hautetemeki, ulitetemeka, na yeyote mwenye nakala ya toleo hilo anaweza kuona herufi zilivyoyumba. Kiputo kinasema: "Shika vizuri, wifi."